Kwa Nini Kumi Hutangulia Mbili: Historia ya Kupanga Namba na Maneno

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kazi ambayo kila karani huifanya, na kila mwalimu, na kila mtunza ghala: kazi ya kupanga vitu kwa taratibu, hiki kwanza, kile baadaye.

Twae kalamu tuanze. Andika namba hizi sita: 1, 2, 3, 10, 20, 100. Mtoto wa shule akiulizwa azipange kutoka ndogo hadi kubwa, atazipanga hivyo hivyo zilivyo. Lakini watu wengi wanaotumia kompyuta wamekutana na jambo la ajabu. Wamezitia namba zao katika hifadhidata, yaani daftari la kompyuta lenye mistari na safu, kisha wameiamuru kompyuta izipange. Nayo imewapa jibu hili: 1, 10, 100, 2, 20, 3. Kumi imetangulia mbili, na mia imetangulia tatu!

Wengine husema kompyuta imeharibika. La, haikuharibika. Imefuata kanuni ya zamani sana, kanuni iliyo sahihi kabisa mahali pake. Kosa ni kwamba imeifuata mahali pasipo pake, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba zile alama ni hesabu. Ili tulielewe jambo hili, yatupasa kwanza kujua kwamba duniani kuna kanuni mbili za kupanga, na kila moja ina historia yake.

Kanuni ya kwanza: kupanga maneno

Kanuni ya kwanza ni ya maneno. Ukifungua kamusi, wakuta neno "baba" kabla ya "babu", na "kabati" kabla ya "ua". Twafanyaje kujua lipi litangulie? Twaanza kushoto. Twalinganisha herufi ya kwanza ya neno hili na herufi ya kwanza ya neno lile. Zikitofautiana, kazi imekwisha. Zikilingana, twaenda kwa herufi ya pili, kisha ya tatu, mpaka tupate tofauti. Angalia vizuri: urefu wa neno hauna maana hapa. "Kabati" lina herufi sita, na "ua" lina mbili tu, lakini "kabati" hutangulia, kwa kuwa K iko mbele ya U.

Tena tujue kwamba utaratibu wa herufi ni mapatano ya watu tu. Herufi A haikuumbwa kuwa ya kwanza. Katika karne ya 8 aliishi mwanachuoni mkubwa wa lugha ya Kiarabu, al-Khalil ibn Ahmad, mwenye asili ya Oman, aliyefundisha katika mji wa Basra nchini Iraq. Yeye ndiye aliyeasisi kamusi ya kwanza kubwa ya Kiarabu. Hakuanza na alifu. Alizipanga herufi kwa kufuata mahali zinapotamkiwa, akianza na zile za kooni na kuishia na zile za midomoni, na kwa hiyo kamusi yake ilianza na herufi ya ain, nayo ikaitwa kwa jina la herufi hiyo. Wengine waliokuja nyuma yake walizipanga kamusi zao kwa herufi ya mwisho ya shina la neno, jambo lililowafaa sana washairi waliotafuta vina. Kila mmoja alikuwa na utaratibu wake, na kila utaratibu ulikuwa na faida yake, mradi msomaji aujue.

Kanuni ya pili: kupanga hesabu

Kanuni ya pili ni ya hesabu. Zamani watu wengi waliandika hesabu kwa kutumia herufi zile zile za maneno. Waarabu walikuwa na hesabu ya abjadi: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, na kuendelea. Warumi nao waliandika I kuwa moja, V kuwa tano, X kuwa kumi. Katika maandishi ya namna hiyo, huwezi kuijua hesabu kubwa kwa kutazama urefu wake. Nane ya Kirumi ina alama nne, VIII, na kumi ina alama moja tu, X. Ndefu ni ndogo, na fupi ni kubwa.

Watu wa Bara Hindi ndio waliotupa njia nyingine, njia ya tarakimu tisa pamoja na sifuri, ambapo thamani ya kila tarakimu hutegemea mahali ilipokaa. Mnamo karne ya 9, mjini Baghdad, mwanahesabu al-Khwarizmi alieleza njia hiyo katika kitabu chake, na baadaye kitabu hicho kikatafsiriwa kwa Kilatini. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, ajulikanaye pia kwa jina la Fibonacci, aliwaeleza watu wa Italia faida zake katika biashara. Hata leo ndiyo tunayoitumia.

Sasa tazama tofauti. Katika njia hii, ukitaka kujua hesabu ipi ni kubwa, jambo la kwanza unalotazama ni urefu. Namba nzima yenye tarakimu tatu ni kubwa kuliko yenye tarakimu mbili, hata kama ile ya tatu ni 100 na ile ya mbili ni 99. Zikilingana kwa urefu, hapo ndipo unapotazama tarakimu ya kushoto. Kwa nini? Kwa sababu tarakimu haina thamani peke yake. Moja iliyokaa mahali pa mamia inaishinda tisa iliyokaa mahali pa mamoja.

Basi tunazo kanuni mbili. Kanuni ya maneno yasema: usijali urefu, anza kushoto. Kanuni ya hesabu yasema: tazama urefu kwanza. Mtu aliyesoma huzitumia zote mbili kila siku bila kufikiri. Anatafuta jina katika orodha kwa kanuni ya kwanza, na anatazama bei sokoni kwa kanuni ya pili. Macho yake yanajua yenyewe. Mashine haina macho ya namna hiyo.

Kadi zenye matundu

Tuje sasa kwa mashine. Katika nchi ya Marekani, sheria yataka watu wahesabiwe kila baada ya miaka 10. Hesabu ya mwaka 1880 iliwachukua makarani zaidi ya miaka 7 kuimaliza, na ilionekana wazi kwamba watu wakizidi kuongezeka, hesabu moja haitakwisha kabla ya nyingine kuanza. Ndipo mhandisi mmoja, Bwana Herman Hollerith, alipobuni mashine ya kuhesabu kwa kadi. Kila mtu alifanyiwa kadi yake, na habari zake zikaandikwa kwa kutoboa matundu: tundu hapa kama ni mwanamume, pale kama ni mwanamke, na mengine kwa umri na mahali alipozaliwa. Kadi ilipotiwa katika mashine, sindano za chuma zilipenya kwenye matundu na kugusa vikombe vya zebaki, umeme ukapita, na saa za kuhesabia zikasogea. Kwa njia hiyo wakahesabiwa watu zaidi ya milioni 62 wa mwaka 1890.

Kampuni ya Bwana Hollerith iliungana na nyingine mwaka 1911, na tangu mwaka 1924 kampuni hiyo imeitwa IBM. Mwaka 1928 IBM ilitoa kadi mpya yenye safu 80. Kadi ya namna hii ilitumika kwa miaka mingi katika ofisi za serikali, benki, reli na viwanda vya nchi nyingi.

Palikuwa pia na mashine ya kupangia kadi. Moja iliyojulikana sana ilipitisha kadi 650 kwa dakika moja, nayo iliziangusha katika mifuko 13. Lakini mashine hiyo ilitazama safu moja tu kwa kila mpito. Karani aliyetaka kupanga namba za tarakimu tatu ilimbidi azipitishe kadi zake mara tatu. Na ajabu ni hii: hakuanza kushoto. Alianza kulia, na safu ya mamoja.

Tujaribu pamoja. Tuna kadi tatu: 120, 009 na 085. Mpito wa kwanza twatazama mamoja: 0, 9 na 5. Kadi zatoka hivi: 120, 085, 009. Mpito wa pili twatazama makumi: 2, 8 na 0. Zatoka hivi: 009, 120, 085. Mpito wa tatu twatazama mamia: 0, 1 na 0. Zatoka hivi: 009, 085, 120. Zimepangika sawasawa, ingawa mashine haikujua hesabu hata kidogo. Ilichojua ni tundu tu.

Siri ya kazi hiyo ilikuwa wapi? Ilikuwa katika zile sifuri za mbele. Tisa haikutobolewa kama 9 peke yake. Ilitobolewa 009, ili mamoja yakae katika safu ya mamoja. Kama karani mzembe angeitoboa ile 9 kushoto, katika safu ya mamia, mashine ingeihesabu kama mia tisa, na kadi hiyo ingetoka nyuma ya 120. Kwa hiyo kabla ya kutoboa kadi ya kwanza, mkuu wa ofisi alikaa na kuamua: namba hii itapewa safu ngapi, na itaegemea upande gani. Uamuzi huo ulifanywa na mtu, si na mashine.

Alama za kompyuta

Kompyuta zilipokuja, haja nyingine ilizuka. Kompyuta huweka kila kitu kwa namba, hata herufi. Basi ilibidi watu wapatane: herufi A itakuwa namba gani, na alama ya 7 itakuwa namba gani. Mwaka 1963 mapatano ya namna hiyo yalitolewa Marekani kwa jina la ASCII. Humo alama ya 0 imepewa namba 48, alama ya 1 imepewa 49, na kuendelea mpaka alama ya 9 iliyopewa 57. Herufi kubwa A imepewa 65.

Mwaka uliofuata, 1964, IBM ilitangaza kompyuta zake za System/360, zenye mapatano mengine yaitwayo EBCDIC. Katika ASCII tarakimu hutangulia herufi. Katika EBCDIC herufi hutangulia tarakimu. Orodha ile ile ikipangwa kwa kila moja ya mapatano hayo yaweza kutoka kwa taratibu mbili mbalimbali, na kila moja ikawa sahihi kwa mapatano yake. Twaona tena yale tuliyoyaona kwa al-Khalil wa Basra: utaratibu wa alama ni mapatano ya watu.

Sasa twaweza kueleza kwa nini kumi hutangulia mbili. Maandishi "10" ndani ya kompyuta ni alama mbili: 49 na 48. Maandishi "2" ni alama moja: 50. Kompyuta inapolinganisha maandishi, huanza kushoto, kama mtu atafutaye neno katika kamusi. Yaona 49 upande huu na 50 upande ule. 49 ni ndogo. Kazi imekwisha! Haitazami kwamba "10" ni ndefu zaidi, kwa maana katika maneno urefu si kitu. Kwake yeye "10" ni neno, kama "kabati" na "ua".

Daftari laja mezani

Mwaka 1970 Bwana Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya IBM huko California, alitoa makala iliyobadili kazi ya kutunza habari. Alishauri habari ziwekwe katika majedwali, na kila safu iwe na thamani za namna moja zilizokubaliwa tangu mwanzo: safu ya majina ipokee majina, safu ya idadi ipokee idadi. Huo ndio uamuzi ule ule wa mkuu wa ofisi ya kadi, ila sasa umepewa msingi wa elimu ya hisabati.

Katika miaka ya 1980 kompyuta ndogo za mezani zilienea, na pamoja nazo programu za hifadhidata kwa watu wa kawaida. Mojawapo iliyopata sifa ilikuwa dBASE, iliyotokana na kazi ya Bwana Wayne Ratliff. Katika dBASE III ya mwaka 1984, mwenye daftari alitakiwa aitaje aina ya kila safu: maandishi, namba, tarehe, au ndiyo na siyo. Namba ziliwekwa kwa tarakimu zilizosukumwa upande wa kulia, na nafasi tupu zikajazwa kushoto, sawasawa na desturi ya kadi. Mwezi wa Novemba mwaka 1992 Microsoft nayo ilitoa programu yake ya Access, ambayo hata leo yatumika katika ofisi nyingi ndogo.

Tulitie jambo hili moyoni. Zamani, aliyeamua umbo la daftari alikuwa fundi aliyefunzwa. Tangu daftari lilipokuja mezani, mwenye kuamua amekuwa karani, mwalimu, muuguzi, au katibu wa chama cha ushirika. Hiyo ni faida kubwa, maana mtu sasa ajitengenezea daftari lake bila kumngoja fundi. Lakini uamuzi haukuondoka. Umehama tu, na aliyepokea uamuzi mara nyingi hajui kwamba ameupokea. Katika ukurasa wa kusanifu jedwali wa Access, safu mpya ambayo hukuitajia aina huchukuliwa kuwa ya maandishi. Aliyenyamaza amekwisha kuamua.

Hasara yake

Huenda msomaji akauliza: kuna hasara gani, kama kumi imetangulia mbili? Si ni kuipanga tena kwa mkono? Tuchukue mfano wa zahanati.

Muuguzi anayo jedwali la ghala lenye dawa nne. Dawa ya malaria imebaki maboksi 9. Dawa ya minyoo, maboksi 100. Chumvi ya kuongeza maji mwilini, maboksi 45. Bandeji, maboksi 200. Idadi zote zimeingizwa kama maandishi. Mwisho wa mwezi aiuliza kompyuta: nipe kila kitu kilichopungua chini ya 50, nipate kuagiza. Na swali lake nalo likalinganishwa kama maandishi.

Kompyuta yalinganisha "100" na "50": 1 iko kabla ya 5, basi 100 ni "ndogo", na dawa ya minyoo yaingia katika orodha. "200" vilevile yaingia. "45" yaingia, nayo kwa bahati ni kweli. Lakini "9"? 9 iko baada ya 5, basi 9 ni "kubwa" kuliko 50. Dawa ya malaria yaachwa nje ya orodha. Iliyopungua kuliko zote ndiyo isiyoagizwa.

Tena orodha yenyewe haina dalili ya kosa. Haikuandikwa kwa wino mwekundu. Imechapwa vizuri, ina mistari iliyonyoka, nayo yapelekwa mjini ikiwa na sahihi. Kosa lionekanalo ni jepesi. Kosa lililovaa mavazi ya usahihi ndilo zito. Kwa hiyo kumi inapotangulia mbili mbele ya macho yako, shukuru. Ni kengele. Yakuambia kwamba safu hii haijui hesabu, na kwamba majibu mengine yatokayo humo nayo yachunguzwe.

Dawa zake

Ziko njia tatu za kuponya jambo hili.

Njia ya kwanza, iliyo bora, ni kuibadili aina ya safu iwe namba. Lakini usifanye haraka. Kwanza nakili jedwali lote uweke pembeni. Kisha tafuta mahali palipoandikwa vitu visivyo hesabu: "12 kg", au "kama 30", au herufi O iliyopigwa badala ya sifuri. Katika Access, kisichoweza kugeuka namba hufutwa wakati wa kubadili. Programu hutoa onyo kabla ya kufuta, lakini wengi hubonyeza "ndiyo" bila kusoma.

Njia ya pili ni kuiacha safu kama ilivyo, na kuiambia kompyuta wakati wa kupanga tu iyasome maandishi kama hesabu. Katika Access amri hiyo huitwa Val. Nayo ina tabia yake: husoma kutoka kushoto, na ikikuta alama isiyoitambua husimama. "12 kg" yasomwa 12, na hilo ni jema. Lakini "1,200" yasomwa 1, kwa sababu Val haiitambui ile koma. Mwanachama wa ushirika aliyeleta kilo 1,200 za kahawa atahesabiwa kama aliyeleta kilo moja! Na mahali pasipoandikwa kitu kabisa, amri hiyo hutoa kosa. Basi jua data yako kabla ya kuitumia.

Njia ya tatu ni ile ya makarani wa kadi: jaza sifuri mbele mpaka namba zote ziwe na urefu mmoja. 009, 045, 100, 200. Namba nzima zikiwa na urefu mmoja, kanuni ya maneno na kanuni ya hesabu hutoa jibu moja, nao ugomvi umekwisha. Njia hii bado yatumika kwa mafanikio. Namba za watahiniwa wa kidato cha nne nchini Tanzania zina herufi moja, tarakimu nne za kituo, mkwaju, kisha tarakimu nne za mtahiniwa, kwa mfano S0101/0009. Sifuri zile si pambo. Ndizo zinazomweka mtahiniwa wa 9 kabla ya wa 10. Kwa tarehe pia ni hivyo. Kanuni ya kimataifa ISO 8601, iliyotolewa kwanza mwaka 1988, yaagiza kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano 1961-12-09, na tarehe za namna hiyo hujipanga sawasawa hata zikiwa maandishi.

Namba zisizo hesabu

Sasa usije ukatoka hapa ukageuza kila kitu kuwa namba. Hilo ni kosa la upande wa pili. Namba ya simu nchini Kenya au Tanzania huanza na sifuri. Ukiiweka kama hesabu, sifuri ya mbele huanguka, maana katika hesabu sifuri ya mbele si kitu, na simu haitalia. Namba ya simu ni jina lililoandikwa kwa tarakimu.

Hata wataalamu wakubwa wameumizwa na jambo hili. Wanasayansi wanaochunguza urithi wa viumbe huyapa majina mafupi yale chembe za urithi, na mojawapo iliitwa SEPT1, nyingine MARCH1. Programu ya hesabu ya Excel ilipoyaona majina hayo, iliyageuza kuwa tarehe za mwezi wa tisa na wa tatu. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walionyesha kwamba karibu sehemu moja katika tano ya makala za sayansi walizozikagua, zilizoambatanishwa na orodha za Excel za majina hayo, zilikuwa na makosa ya namna hii. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba majina yenyewe yamebadilishwa: SEPT1 ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Watu walibadili majina ya sayansi ili mashine isiwasumbue.

Basi utajuaje kipi ni hesabu na kipi ni jina? Jiulize swali moja: je, yafaa kuzijumlisha? Maboksi 9 na maboksi 45 yajumlishwa, tunapata 54. Hiyo ni hesabu. Namba yako ya simu na ya jirani yako, ukizijumlisha utapata nini? Hupati kitu. Hayo ni majina. Kilo, shilingi, umri, maboksi: hesabu. Simu, sanduku la posta, kitambulisho, namba ya mtihani: majina.

Ndugu wasikilizaji, tangu al-Khalil alipoanza kamusi yake na ain, mpaka muuguzi anapoketi mbele ya kompyuta ya zahanati, jambo ni lile lile. Utaratibu hauko ndani ya alama. Watu ndio wanaoutia. Mashine itafuata kanuni uliyoipa, na usipoipa itafuata iliyoikuta. Basi kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa daftari lako, itaje kila safu kwa haki yake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Panga namba hizi kwanza kama maneno, kisha kama hesabu: 7, 70, 8, 15, 150, 9.

2. Kwa nini karani wa kadi alianza kupanga kwa safu ya kulia? Jaribuni kwa vipande vya karatasi vyenye namba za tarakimu tatu.

3. Taja habari tano zilizoandikwa kwa tarakimu katika ofisi, shule au chama chenu. Zipi ni hesabu na zipi ni majina?

4. Katika mfano wa zahanati, muuguzi angeweza kufanya nini kabla ya kutia sahihi, ili aligundue kosa?